Mshahara unaishia wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kodi, tozo na gharama za maisha Tanzania

Maswali haya yanarudi kila mwisho wa mwezi na kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma, nimeyaweka pamoja ili mtu akiuliza tena nimtumie tu linki. Majibu ni ya Tanzania Bara, Zanzibar wana kodi zao. Mahesabu fanya na wewe kwa simu yako, usiniamini tu.

Serikali inasema mfumuko wa bei ni asilimia 3 na kitu, mbona jikoni kwangu siioni hiyo 3?

Kwanza mfumuko wa bei kushuka haimaanishi bei zimeshuka, maana yake zinapanda taratibu zaidi. Mchele ukitoka 2,000 ukaenda 3,000 halafu ukakaa hapohapo mwaka mzima, mfumuko wa mchele mwaka huo ni sifuri, lakini wewe bado unalipa 3,000. Takwimu inasema kweli na wewe unasema kweli.

Pili, ile namba ya NBS, ofisi ya takwimu ya taifa, ni wastani wa kapu la taifa zima, na kwenye kapu hilo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Sasa chukua familia ya watu sita wanaoishi kwa laki nne Mbagala au Buza, chakula peke yake kinakula nusu ya hela na zaidi, kwa hiyo chakula kikipanda wao wanaumia karibu mara mbili ya kile kapu linachoonyesha, na vikipanda vitu ambavyo hawanunui kabisa, tiketi za ndege sijui, hawana habari.

Halafu kuna hili ambalo watu wa takwimu wana kazi ngumu kulishika: vitu vya kupima. Kwa mangi wa duka mafuta ya kupima ya mia tano bado yapo ya mia tano, ila kipimo kimepungua. Andazi bado ni mia mbili ila angalia linavyokaa kiganjani. Mafungu ya nyanya hivyohivyo, zilikuwa tano sasa zimekuwa nne, na ile ya nne ndogo. Mtu wa kipato cha siku hapandishiwi bei, anapunguziwa kitu, na anakuja kushtuka mboga imeisha kabla watoto hawajashiba.

Bosi kaniongeza laki moja, mbona benki nimeona elfu hamsini na saba tu?

Hili ndo swali linaloongoza, na mara nyingi mwajiri hajakuibia. Tuseme uko sekta binafsi na mshahara wa msingi ulikuwa 600,000. NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10 inatoka 60,000, inabaki 540,000 ndo inakatwa PAYE, kodi ya mshahara. Hapo 270,000 ya kwanza haina kodi, kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 yaani 20,000, halafu ile 20,000 iliyozidi inakatwa asilimia 20, yaani 4,000. PAYE jumla 24,000, unabaki na 516,000.

Sasa umekuwa 700,000. NSSF 70,000, inabaki 630,000, PAYE ni 20,000 ile ya mwanzo plasi asilimia 20 ya 110,000, jumla 42,000, unabaki na 588,000. Kwa hiyo laki moja imekuwa 72,000.

Na kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB bado wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sio ya kinachobaki, ya msingi. Kwa 600,000 ilikuwa 90,000, kwa 700,000 inakuwa 105,000, hiyo 15,000 nyingine imeondoka, ndo hapo unapoona 57,000. Nyumbani wameshasikia umeongezwa laki, shangazi keshapiga simu, na wewe una 57.

(Afadhali ya sasa lakini. Hadi 2021 kwenye mkopo kulikuwa na ile asilimia 6 ya kulinda thamani inaongezeka kila mwaka, watu wanalipa miaka na deni linakua, ilifutwa baada ya Rais Samia kutangaza Mei Mosi mwaka huo.)

Kwani hivyo viwango vya PAYE havipandi kadiri bei zinavyopanda?

Havipandi vyenyewe, mpaka Bunge libadilishe sheria ya fedha. Ile 270,000 isiyokatwa kodi ilianza Julai 2020, kabla ya hapo ilikuwa 170,000. Julai 2021 kiwango cha kwanza kikashushwa kutoka asilimia 9 hadi 8, na baada ya hapo kimya, mafungu ya kodi yamebaki palepale hadi bajeti ya 2025/26.

Mimi naona hapa ndo kuna kodi ambayo haijawahi kutangazwa na mtu. Mshahara wako ukipandishwa kufidia tu bei zilizopanda, kwa uhalisia hujawa tajiri hata kidogo, uwezo wako wa kununua ni uleule, ila kwenye vitabu vya TRA umehama fungu, ile sehemu ya juu iliyokuwa inakatwa 8 sasa inakatwa 20. Hakuna waziri aliyesimama akasema naongeza kodi ya mishahara, na vyama vya wafanyakazi vikisimama Mei Mosi vinadai nyongeza tu, wakati wangeshinda hilo la kusogeza mafungu kila mfanyakazi wa nchi hii angeliona kwenye akaunti mwezi huohuo.

Mei Mosi 2025 walisema kima cha chini kimepanda asilimia 35.1. Mimi nalipwa 900,000 serikalini, yangu iko wapi?

Ile ni kima cha chini cha watumishi wa umma, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Asilimia 35.1 ni ya yule wa chini kabisa, ngazi nyingine nyongeza ni ndogo zaidi.

Na hata huyo wa chini, 130,000 yote haifiki. PSSSF, pensheni ya watumishi wa umma, yeye anachangia asilimia 5, NHIF ya bima ya afya asilimia 3, na PAYE. Wa 370,000 alikuwa anabaki na kama 333,900, wa 500,000 anabaki na 443,600, kwa hiyo kapata kama laki na elfu tisa mia saba. Nzuri, sikatai, hakuna mtumishi mpya atakayeirudisha. Ila chama cha wafanyakazi nacho kina asilimia yake, usisahau.

Na sisi wa sekta binafsi?

Nyie mna amri yenu ya mishahara inayotoka kwa Waziri wa Kazi, na hapo ndo kuna uchungu. Amri ilitoka 2013, iliyofuata ikaanza kutumika Januari 2023. Miaka tisa na zaidi mtu wa dukani anasubiri, ikaja ya biashara na viwanda kutoka 115,000 hadi 150,000. Safari hii angalau hawakuchelewa hivyo, Oktoba 2025 ikatangazwa nyingine ya kuanza Januari 2026, wastani wa kima cha chini kutoka 275,060 kwenda 358,322, tangazo lilisema nyongeza ya asilimia 33.4, ila ukipiga hesabu kwa namba hizo ni kama asilimia 30.

Soma vizuri neno wastani. Umejumlisha benki, madini, simu, nishati, hoteli, kilimo, wa nyumbani. Kuna sekta ziko juu sana ya hapo na kuna zilizo chini sana, kwa hiyo usiende kwa bosi wa gereji na 358,322 mkononi, tafuta jedwali la sekta yako kwenye amri yenyewe, limeandikwa kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi. Kibarua wa siku angalia safu ya siku.

Sina gari wala bodaboda, mafuta yakipanda inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko mwenye gari, maana mwenye gari anaweza kuliacha nyumbani.

Anza na nauli. Daladala za kilomita 10 za kwanza zilikuwa 400, Mei 2022 LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wakaruhusu 500, Desemba 2023 ikawa 600. Mia mbili ndani ya miezi kumi na tisa, utasema mia mbili nini bwana. Haya, mtu anayeishi Chanika au Kivule anaunga magari mawili kwenda na mawili kurudi, vipande vinne kwa siku, siku 26 za kazi, ni vipande 104, mara 200 ni 20,800 kwa mwezi. Huyo ni baba peke yake. Mama naye akienda kwenye biashara yake Kariakoo ni 20,800 nyingine. Zaidi ya elfu arobaini kwa mwezi imeongezeka na hakuna kitu kipya walichonunua, wanafika kulekule.

Halafu chakula. Viazi vya Njombe, vitunguu vya Singida, nyanya za Ilula, vyote vinakuja na Fuso usiku vinashushwa Ilala na Mabibo alfajiri. Mwenye Fuso akijaza dizeli kwa bei mpya, dalali anaiweka kwenye bei ya tenga, mama wa gengeni anaiweka kwenye fungu. Hakuna risiti inayoandika hapa umelipia dizeli, ila umelipa.

Na kupanda ni rahisi kuliko kushuka. Agosti 2022 petroli Dar ilifika 3,410 kwa lita hata kukiwa na ruzuku, Septemba ikarudi 2,900 na kitu. Nani alisikia nauli imerudi? Nauli ya daladala inabadilishwa kwa maombi na vikao vya LATRA, na sijawahi kuona mwenye daladala anaenda kuomba ishushwe.

Nani anapanga bei ya mafuta kwani?

EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ndo maana Jumanne yake jioni unaona foleni sheli. Wao wanapiga hesabu: bei ya soko la dunia, gharama ya meli, bandari, faida ya muagizaji na ya mwenye kituo, kodi na tozo. Bei ya dunia hatuna la kuifanya. Vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022 tulilipa wote, na serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa Juni 2022.

Sehemu ya tozo ndo yetu wenyewe. Bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mitaa, zile za TARURA, na ya 2023/24 ikaongeza 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa. Bodaboda anayechoma lita tatu kwa siku, hizo mia mbili ni 600 kila siku. Serikali inapenda tozo ya namna hii kwa sababu inakusanyika kirahisi, haina mkwepaji, meli ikishusha tu hela imeingia. Na barabara kweli zinajengwa, kuna vijiji sasa hivi gari inafika masika. Tatizo langu ni kwamba lita haijui nani anaijaza, waziri na dereva wa bajaji wanatozwa sawa kwa lita, na ukilinganisha na kipato utaona nani kabeba mzigo.

Kwa nini nikinunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) mwanzo wa mwezi napata uniti chache?

Kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500, na ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na ukikaa miezi miwili bila kununua inakusubiri.

Sasa hesabu ya uniti. Wateja wa kawaida, T1, uniti ni 292, unaongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3, ya EWURA asilimia 1, inakuwa kama 356. Elfu kumi siku ya kawaida ni uniti 28. Elfu kumi ya kwanza ya mwezi inabaki 8,500, unapata kama 23.9. Ndo maana ujumbe wa tokeni una mistari mingi, usome wote mara moja tu utaelewa.

Ila kubwa kuliko hilo la 1,500 ni tarifu. Kuna D1, ya watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wao uniti ni 100, na kodi inakuwa 122. Karibu theluthi ya bei ya wengine. Ilitengenezwa kwa ajili ya maskini kabisa, na nia ni njema, lakini nenda Manzese au Tandika uone watu wanavyoishi: nyumba moja vyumba vinane, kila chumba familia, mita moja. Kila familia peke yake inatumia labda uniti 20, 25, pamoja wanavuka 75 kabla hata wiki mbili hazijaisha, kwa hiyo wote wako T1 wanalipa 356. Na kule mbele mtu ana chumba na sebule, mita yake mwenyewe, anaishi peke yake na tivii yake, yuko D1. Mpangaji wa chumba kimoja analipa umeme ghali kuliko yule anayemzidi kipato, kisa mita. Hapo hata hujaingia kwenye ugomvi wa nani ana friji na nani anapika wali kwa umeme.

Mimi ni mpangaji, hiyo kodi ya jengo nalipaje wakati nyumba sio yangu?

Kisheria ni ya mwenye nyumba. Kiuhalisia inalipwa na anayenunua umeme. Ni 18,000 kwa mwaka, kwa hiyo wakati wa kulipa kodi ya miezi sita toa 9,000, tunza meseji za LUKU kama ushahidi. Wenye nyumba wengine wanaelewa, wengine watakwambia tafuta kwingine. Inategemea na uhaba wa vyumba mtaani kwako.

Tozo za miamala ya simu zilifutwa au bado zipo?

Historia fupi. Julai 2021 zilianza, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea na kiasi, juu ya makato ya kampuni ya simu ambayo yalikuwepo tayari. Watu walipiga kelele hatari, ndani ya miezi miwili zikapunguzwa asilimia 30. 2022 zikapunguzwa tena kiwango cha juu kikawa 4,000, lakini hapohapo zikasogezwa hadi benki, kelele zikaanza upya, Oktoba nyingi za benki zikaondolewa. Julai 2023 ikafutwa ya kutuma, ya kutoa ikabaki.

Kwa familia za wafanyakazi hii ilikuwa mbaya kwa namna yake, kwa sababu hela ya mfanyakazi wa kawaida haikai sehemu moja. Inatoka Dar inaenda kwa mama Kigoma, kwa mdogo anayesoma Iringa, kwa fundi anayejenga kibanda Bagamoyo, na kila ikihama ilikuwa inakatwa. Mtu mwenye mshahara ambao ulishakatwa PAYE anatuma elfu thelathini ya dawa, inakatwa tozo, mama anatoa, inakatwa tena. Watu wakarudi kupakia hela kwenye bahasha na kumpa dereva wa basi. Hiyo ndo ilisaidia tozo ya kutuma kufa, kuliko kelele zetu mitandaoni.

Kwa nini sukari inapanda ghafla namna ile, na serikali si iagize tu?

Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño ziliingia mashambani, miwa haikuvunika, viwanda vikasimama, kilo ikavuka 4,000 mitaani na kuna mikoa iliyoumia zaidi. Januari Bodi ya Sukari ikatoa bei elekezi. Matokeo yake kila mtu anayakumbuka: ukiuliza dukani unaambiwa imeisha, ukiwa mteja wa siku nyingi mangi anainama chini ya kaunta anakupimia robo, tena kwa bei yake. Bei elekezi bila mzigo ghalani ni karatasi.

Kuagiza ilikuwa inawezekana ila vibali vilikuwa vinapewa wenye viwanda wenyewe, na mwenye kiwanda hana haraka ya kujaza soko bei ikiwa nzuri kwake. Hasira hizo ndo zilizaa mabadiliko ya sheria 2024, sasa NFRA, wale wa akiba ya chakula, nao wanaruhusiwa kuagiza na kuhifadhi sukari. Wenye viwanda wakalalamika kwamba sukari ya nje itaua wakulima wa miwa wa Kilombero na Mtibwa, na sio uongo mtupu. Ni mvutano uleule wa mafuta ya kula: ukiweka ushuru mkubwa kwa mafuta ya nje, mkulima wa alizeti wa Singida anapata bei, mama wa Temeke analipia chupa zaidi. Ukiushusha, kinyume chake. Ukiona mwanasiasa anaahidi wote wawili watafurahi muulize kwa hela ya nani.

Mahindi yakiwa ghali si wafunge mpaka yasiende Kenya?

Tulishafanya, Juni 2017. Bei mjini ilishuka kweli, na kule Rukwa, Ruvuma na Mbeya gunia likakosa mnunuzi, wakulima wakakata tamaa. Mkulima naye ni familia inayofanya kazi, na mara nyingi ni mama yako. Njia isiyoumiza sana ni NFRA kununua wakati wa mavuno na kuachia sokoni wakati wa uhaba kwa bei nafuu, ila inataka hela ya bajeti, na kufunga mpaka ni bure.

Dola inanihusu nini mimi ninayelipwa kwa shilingi?

Mafuta, ngano, mbolea, dawa, vipuri, simu, vyote vinanunuliwa kwa dola. 2023 hadi katikati ya 2024 dola iliadimika na kufika kama 2,700, waagizaji wakaweka hiyo bei kwenye bidhaa, na wengine wakaweka na ya wasiwasi juu yake. Mwisho wa 2024 ikashuka hadi karibu 2,400, bei za vipuri wala hazikushuka na kasi hiyo. Machi 2025 zikatoka kanuni kwamba ni marufuku kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Iliwasaidia sana watu wa kodi za nyumba na ada za shule zilizokuwa kwa dola. Wa chumba cha elfu hamsini Gongo la Mboto haikumgusa moja kwa moja.

BoT wameshusha riba, mbona mkopo wangu uko palepale?

Riba ya Benki Kuu, CBR, ilianza Januari 2024 ikiwa 5.5, Aprili 6, Julai 2025 ikashushwa 5.75. Hiyo ni ya kuongoza soko la mabenki, wewe benki inakukopesha kwa asilimia 13, 15, 17 kwa mwaka kutegemea na mwajiri wako, na robo ya asilimia kule juu ikifika kwako hata hutaiona.

Wengi wetu hatukopi huko lakini. Tunakopa kausha damu. Mtu anachukua laki mbili anarudisha laki mbili na sitini ndani ya mwezi, asilimia 30 kwa mwezi mmoja, ukichelewa kitanda na tivii vinabebwa. Kisheria taasisi ndogo za fedha zenye leseni zina ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Soma tena: 3.5 dhidi ya 30. Novemba 2024 BoT ilitaja hadharani programu 69 za mikopo ya simu zisizo na leseni na kuzipiga marufuku, zile zinazowapigia simu ndugu zako wote kuwaambia unadaiwa. Kabla ya kukopa angalia jina kwenye orodha ya wenye leseni ya BoT, na vikoba vya mtaani vyenye watu mnaojuana ni afadhali mara mia.

Elimu si bure?

Ada imefutwa, shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022, na kwa mwenye watoto wanne ni unafuu mkubwa, tusibeze. Kinachobaki ni sare, madaftari, nauli, tuisheni, na michango ya chakula na mlinzi.

Mwajiri ananikata NSSF kila mwezi, nitajuaje anapeleka?

Angalia mwenyewe kwenye mfumo wa NSSF wa simu au nenda ofisini na kadi, michango inaonekana mwezi kwa mwezi. Fanya hivyo angalau kila robo mwaka, maana 10 yako na 10 yake ni asilimia 20 ya mshahara, na ukiona pengo la miezi mitatu daka mapema ukiwa bado kazini. Ukishaacha kazi utazungushwa sana.

Nina dada wa kazi, na hali yenyewe ndo hii. Kima cha chini kinanihusu?

Kinakuhusu, wewe ni mwajiri. Amri ya Januari 2023 iliweka 60,000 kwa anayeishi kwako na 120,000 kwa anayekuja asubuhi na kuondoka, na kwa wanaofanya kazi kwa maofisa wanaostahili, wafanyabiashara wakubwa na wanadiplomasia ni zaidi ya hapo. Kuanzia Januari 2026 ni amri mpya, kaangalie kiwango kilichopanda. Chakula na kulala ni sehemu ya makubaliano lakini sio sababu ya kumpa elfu thelathini, na hilo la kumwekea hela hadi mwisho wa mwaka ndo ampe mama yake, muulize yeye kwanza kama anataka. Bei ya sabuni, vocha na pedi imempandia na yeye.